Kuchagulia Mtoto Shule ya Kanisa: Mambo ya Kuuliza Mbele ya Kuandikisha

Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa wazazi wa ushirika wetu, Baraka

 

Komite iliniomba nizungumze juu ya ulizo ambalo linarudi kila mwaka kukikaribia Septemba: «Mutoto tumupeleke kwenye masomo gani?» Hapa kwetu Fizi, shule nyingi zina jina la kanisa kwenye kibao. Familia inashuka na mizigo kutoka Nyarugusu, inakuta shule ya paruwasi hapa, ya jumuiya ya Kiprotestanti pale, ya Waislamu upande ule, na nyingine ambayo mchungaji ameianzisha kwenye uwanja wake. Mzazi anauliza jirani, kisha anampeleka mtoto kwenye shule ya kanisa lake mwenyewe. Jioni anasema: Mungu atasaidia.

Mimi sipingi mtu kupenda shule ya dini yake. Mzazi ana haki ya kutaka mtoto akue katika imani ya nyumbani. Lakini jina la kanisa linakuambia nani anasimamia shule tu. Halikuambii kama utalipa ao hautalipa, na halikuambii watoto wangapi wanafika mwaka wa sita. Hayo inabidi uyaulize wewe mwenyewe, na leo nataka tuone namna ya kuyauliza.

Shule ya kanisa ni ya nani?

Tuanze na historia kidogo, maana inasaidia mbele ya direkta. Zamani za Wabelgiji, misioni ndizo zilifundisha watu wengi. Mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa zikawa za Serikali. Haikuendelea vizuri. Tarehe 26 Februari 1977, Serikali na makanisa walitia saini mapatano: kanisa linarudishiwa kazi ya kusimamia, Serikali inabaki mwenye shule. Walikuwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Baadaye Waislamu na wengine nao waliingia. Neno la Kifaransa la mapatano ni convention, njo maana tunasema shule za konvansione.

Kwa hiyo shule ya konvansione ni shule ya umma. Programu ni ile ya nchi, inspekteri ni wa Serikali, mtihani ni wa Serikali, na mwalimu aliyeandikwa kwenye orodha ya malipo analipwa na Serikali. Kanisa linaweka kordinasio yake, linapendekeza walimu na direkta, linaangalia adabu na somo la dini.

Tofauti yake ni shule ya binafsi ya kanisa. Hiyo ni mali ya kanisa, ya parokia, ya mchungaji ao ya kundi la waamini. Inaweza kuwa nzuri sana, na inaweza kuwa na kibali cha Serikali. Lakini wazazi njo wanalipa walimu, na hakuna sheria inayoikataza kudai minervali. Usilinganishe bei ya huku na ya kule kana kwamba ni kitu kimoja.

Kibao kinaweza kukuchanganya. Katika orodha za ofisi, ECC ni shule ya konvansione ya Kikatoliki. Lakini ECC pia ni jina la Kanisa la Kristo katika Kongo, yaani Waprotestanti, na shule zao zinaandikwa ECP. Ya Wakimbangu ni ECK. Shule ya Serikali isiyo ya kanisa, watu wanaiita ofisieli. Kama huelewi herufi, uliza tu: «Shule hii ni ya konvansione ao ni ya binafsi? Kibali chake kiko wapi? Iko na namba ya DINACOPE?» DINACOPE ni ile ofisi ya malipo ya walimu ambayo wengi bado tunaiita SECOPE. Direkta mwenye shule safi hakasiriki akiulizwa hivyo. Na kama hana jibu, mzazi anaweza kufika ofisi ya sous-division ya elimu na kuuliza kama shule inajulikana.

Sababu ya kuuliza ni nzito. Shule isiyojulikana haiwezi kupeleka watoto kwenye mtihani wa mwisho kwa jina lake. Inabidi iwapitishe kwenye shule nyingine. Mtoto anasoma miaka sita, na siku ya mtihani mzazi anasikia kwanza kwamba jina lake liko kwenye orodha ya shule ambayo hajawahi kuikanyaga, ao haliko popote.

Kuingia: nani anaweza kukataliwa?

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Ilikaa kwenye karatasi miaka mingi. Tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuitumikisha, na shule za konvansione zimo ndani, kwa sababu ni za umma. Bure maana yake hakuna minervali, na hakuna pesa ya wazazi kwa kulipa mwalimu. Haina maana ya kwamba uniforme, madaftari na kalamu vinagawiwa. Hivyo bado ni mzigo wa mzazi, na tuwe wakweli: kwa mtu aliyerudi miezi mitatu iliyopita bila shamba, uniforme ya watoto wanne ni pesa nyingi.

Kifungu cha 45 cha Katiba hiyohiyo kinasema kila mtu anaweza kuingia shule za nchi bila ubaguzi wa mahali alipotoka, wa rangi wala wa dini. Msikie vizuri maneno hayo mawili: mahali alipotoka, na dini. Mtoto wa Mwislamu akienda shule ya konvansione ya Kikatoliki, hawezi kukataliwa kwa sababu hana cheti cha ubatizo. Mtoto wa Mprotestanti vilevile kwa Waislamu. Na mtoto wa mrudi hawezi kuambiwa «nyinyi watu wa kambi, mungojee kwanza wenyeji waandikwe».

Somo la dini liko kwenye ratiba na lina pointi zake kwenye buletini. Basi uliza mbele: mtoto wa dini nyingine anafanya nini saa ya somo hilo? Misa ao ibada ya wiki ni lazima? Binti anaweza kuvaa kitambaa kichwani? Familia ya Waadventista iulize juu ya mitihani ya siku ya Sabato. Ni afadhali kusikilizana Agosti kuliko kugombana Novemba. Shule nyingi zinasikilizana vizuri na wazazi wakija kwa heshima. Nimeona watoto wa imani tatu wakikaa kwenye banki moja bila shida yoyote. Shida inakuja mara nyingi kwa wakubwa.

Sasa karatasi. Wanaomba atestasio ya kuzaliwa na buletini ya mwisho. Familia nyingi hazina cheti cha kuzaliwa cha Kongo. Ile karatasi ya kurudi kwa hiari, VRF, ina majina ya watoto na umri wao. Itunzeni kama mnavyotunza karatasi ya kiwanja, na mtoe kopi kabla mvua haijaingia kwenye sanduku. Haichukui nafasi ya cheti, lakini inasaidia ofisi ya etat civil na inasaidia direkta kuamini umri.

Neno zito: mtoto anawekwa mwaka gani?

Hapa njo watoto wetu wanapotea, kuliko kwenye dini na kuliko kwenye pesa.

Wale waliosoma Nyarugusu wana bahati moja ambayo hawaijui. Kule kambini watoto wa Kikongo walifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Buletini zao direkta wa hapa anaweza kuzisoma. Wako waliopita Zambia wakafunzwa kwa Kiingereza. Wengine walikaa mijini Tanzania, katika shule za Kitanzania, kwa Kiswahili. Hao wanajua hesabu, wanajua kusoma, lakini Kifaransa ni ukuta. Hapa Kiswahili kinatumika kufundishia miaka ya kwanza, kisha Kifaransa kinashika nafasi.

Basi direkta mwenye kalasi iliyojaa anafanya lililo rahisi: anamshusha mtoto. Ninamfikiria binti mmoja wa miaka kumi na tatu. Kule alimaliza mwaka wa nne, hesabu alikuwa wa kwanza. Shule moja ilimweka mwaka wa pili kwa sababu hakuweza kujibu salamu kwa Kifaransa. Alikaa na watoto wa miaka saba, magoti hayaingii chini ya banki. Walimwita «mama». Mbele ya Noeli alikwisha kuacha. Leo anauza ndagala kando ya ziwa. Hakuna aliyemfukuza, hakuna pesa aliyodaiwa, na kwenye ripoti ya shule ameandikwa kwamba ameacha.

Mzazi, usikubali mtoto ashushwe kwa maulizo ya dakika mbili kwenye mlango wa biro. Omba mtihani wa kumpima, wa kuandika, hesabu upande mmoja na Kifaransa upande mwingine. Kama hesabu ni ya mwaka wa tano na Kifaransa ni cha mwaka wa pili, dawa ni kumfundisha Kifaransa. Kumrudisha miaka mitatu nyuma si dawa. Tafadhali uliza shule: «Mko na saa za kusaidia Kifaransa?» Shule ambayo ina mwalimu anayebaki na watoto saa moja mara mbili kwa wiki, mimi ningeichagua hata kama paa lake linavuja.

Na kwa mtoto ambaye amekua bila kusoma kabisa, ao ameacha muda mrefu, kuna vituo vya kufuatisha masomo, vile vinaitwa CRS. Miaka sita ya msingi inafanywa kwa mitatu, kisha mtoto anafanya mtihani uleule wa taifa kama wengine. Mtoto wa miaka kumi na mbili hana sababu ya kuona haya kwenda kule. Vingine navyo viko chini ya makanisa. Ulizeni tu kama kituo kinajulikana na ofisi ya elimu, kwa sababu ileile niliyosema juu.

«Asilimia mia moja!» Ya watoto wangapi?

Kila mwezi wa saba tunasikia nyimbo na tunaona unga ukimwagwa kwenye vichwa: shule fulani imepitisha asilimia mia moja. Mtihani wa mwisho wa msingi unaitwa ENAFEP. Zamani ulikuwa TENAFEP. Watoto wanajibu maswali ya kuchagua jibu, katika hesabu, Kifaransa na elimu ya jumla. Ni jambo la furaha mtoto akipita. Lakini asilimia inahesabiwa juu ya wale waliofanya mtihani. Haihesabu wale waliozuiwa mlangoni.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, si za shule yoyote ya hapa. Shule ya kwanza: miaka sita iliyopita iliandika watoto 120 mwaka wa kwanza. Mwaka jana ilikuwa na 60 mwaka wa tano. Mwaka huu imepeleka 25 kwenye mtihani, wote 25 wamepita. Asilimia mia moja, nyimbo, unga. Shule ya pili: iliandika 110, ilikuwa na 80 mwaka wa tano, imepeleka 70, wamepita 56. Asilimia themanini. Hakuna aliyeimba.

Sasa hesabu tangu mwanzo. Shule ya kwanza, kati ya kila watoto mia walioanza, karibu 21 wamefika na cheti. Shule ya pili, karibu 51. Na ulizo kubwa: wale 35 ambao walikuwa mwaka wa tano kwenye shule ya kwanza, wamekwenda wapi? Labda wengine walihama kwa sababu ya vita. Hapa kwetu hilo linatokea, na mtu asihukumu shule kwa namba moja tu. Lakini labda waliambiwa wadouble, ao waende shule nyingine, ili wasiharibu sifa ya shule. Mzazi wa mtoto mwenye nguvu ya kati, na watoto wetu wengi waliorudi ni wa kati kwa sababu ya Kifaransa, anapaswa kuogopa shule ya namna hiyo. Mtoto wake hatakuwa kati ya wale 25.

Kwa hiyo mbele ya direkta uliza namba nne: walioanza mwaka wa kwanza miaka sita iliyopita, waliokuwa mwaka wa tano mwaka jana, waliofanya mtihani, waliopita. Uliza walioanza zamani, si walio mwaka wa kwanza leo, kwa sababu tangu masomo yawe bure kalasi za chini zimejaa, na ukichanganya utadhulumu shule. Kisha uliza wasichana ni wangapi kati yao. Mara nyingi hapo njo utaona mahali shimo liko.

Kwenda kuona kwa macho

Namba peke yake haitoshi. Nenda shule mara mbili, siku mbili tofauti, saa nne ya asubuhi. Siku moja iwe ile ambayo walimu wanafuata mshahara. Angalia ni kalasi ngapi zina mwalimu. Uliza kwa upole walimu wangapi wanalipwa na Serikali na wangapi bado, wale wa NU na NP. Mwalimu asiyelipwa ana njaa kama wewe. Ijumaa utamkuta shambani, na hatupaswi kumtukana kwa hilo. Lakini shule ambayo nusu ya walimu hawalipwi itatafuta pesa kwa mzazi kwa njia moja ao nyingine, hata kama kwenye ukuta wameandika neno bure.

Hesabu watoto katika kalasi moja. Kuna kalasi za mwaka wa kwanza zinazopita watoto mia moja. Uliza kama kuna zamu ya asubuhi na ya mchana, maana mtoto mdogo wa zamu ya mchana anarudi giza likiingia. Angalia vyoo: vya wasichana viko pembeni na vina mlango? Fikiria njia: mto Mutambala ukijaa, mtoto atapita wapi?

Mwisho, muombe mtoto wa mwaka wa nne, jirani yako anayesoma pale, akusomee mistari mitano ya kitabu na akueleze kwa Kiswahili amesoma nini. Hata mzazi ambaye hakusoma anaweza kusikia kama mtoto anasoma ao anakariri. Mama mmoja wa ushirika aliniambia: «Mimi siyui kusoma, lakini minayua kama mutu anaongea kitu anaelewa.» Hicho ndicho kipimo.

Kwa komite na kwa wafadhili

Kwa wafadhili wetu nina maombi matatu. La kwanza: msisaidie watoto kwa kufuata kanisa. Msaada ukipita kwa kanisa moja tu, familia zinabadilisha dini kwa ajili ya daftari, na hilo linaleta maneno kati yetu na majirani waliobaki hapa wakati wa vita. La pili: shule inayopokea warudi inapokea pia watoto wa wenyeji. Mkileta mabanki, yawe ya kalasi nzima. La tatu: kitu kidogo kinachookoa watoto wengi ni masomo ya Kifaransa ya Julai na Agosti, mbele ya shule kufunguliwa. Mwalimu, ubao, chaki, na chumba ambacho kanisa lolote linaweza kukopesha.

Kwa komite: tuandike daftari moja la ushirika. Kila shule ya karibu, na majibu ya maswali haya. Wazazi wawili wa shule hiyo waende pamoja na mtu wa COPA, komite ya wazazi ya shule. Mzazi mmoja akienda peke yake anaonekana mgomvi. Wakienda watatu na karatasi, wanapewa viti. Na mzazi akidaiwa pesa kwenye shule ya umma, asilipe kimya wala asitoe mtoto. Aombe risiti yenye jina na sababu, alete kwa komite, nasi tufike kwa kordinasio ya kanisa hilo, kisha sous-division.

Haya hapa maswali, mnaweza kuyakata na kuyabeba:

1. Shule ni ya konvansione ao ya binafsi? Kibali na namba viko wapi?
2. Kuna pesa gani ya kulipa, ya nini, na risiti inatolewa?
3. Mtoto wa dini nyingine anafanya nini saa ya dini na siku ya ibada?
4. Mtoto aliyetoka nje anapimwa namna gani mbele ya kuwekwa mwaka fulani?
5. Kuna msaada wa Kifaransa, siku gani, na nani anafundisha?
6. Walioanza ni wangapi, waliokuwa mwaka wa tano wangapi, waliofanya mtihani wangapi, waliopita wangapi, na wasichana wangapi kati yao?
7. Walimu wangapi wanalipwa, na kalasi ya mtoto wangu ina watoto wangapi?

Mkipata majibu mazuri kwenye shule ya kanisa lenu, mumushukuru Mungu na muandikishe. Mkiyapata kwenye shule ya kanisa la jirani, muandikishe vilevile. Sala za nyumbani zitaendelea nyumbani. Kazi ya kuandikisha ianze sasa, tusingojee Jumatatu ya kwanza ya Septemba wakati mabanki yamekwisha kujaa.

 Wenye maulizo, wamama waanze.